Mtaro Uliokuwa Chini ya Jiko

Ngatini alikuwa mtengenezaji wa tempe katika mtaa wa Randusewu, kisiwani Java. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Alichemsha soya, akaziondoa maganda, akazichanganya na chachu, kisha akazifunga kwenye majani ya mgomba. Baada ya siku mbili soya zilishikana zikawa kipande kimoja cheupe, kigumu, chenye harufu nzuri. Hapo tempe ilikuwa tayari kwenda sokoni.

Jiko lake lilikuwa kibanda cha mabati mbele ya nyumba. Sakafu ya kibanda ilikuwa ya zege, na chini ya zege hilo ulipita mtaro wa mtaa. Mtaro wenyewe haukuonekana tena. Kila nyumba ilikuwa imeufunika kwa namna yake. Mmoja alijenga baraza juu yake, mwingine ngazi, mwingine banda la kuku. Jirani wa Ngatini, Mzee Samijo, aliweka karakana yake ya pikipiki.

Ngatini aliishi na mumewe Paryadi, ambaye alikuwa fundi mwashi, na binti yao Wening, aliyekuwa darasa la nne. Bibi Kasmi, mama yake Paryadi, aliishi nao pia.

Nyumba yao ilikuwa na mlango mfupi. Haikujengwa hivyo. Miaka mingi nyuma jiji liliinua barabara kubwa iliyo mwisho wa mtaa, na tangu hapo maji ya mvua yakawa yanarudi kwenye nyumba. Kila baada ya mafuriko makubwa Paryadi alimwaga kifusi ndani na kuinua sakafu. Sakafu ilipanda, lakini paa lilibaki palepale. Sasa mtu mzima aliingia kwa kuinama, na madirisha yalikuwa usawa wa magoti.

"Tukiinua mara moja tena," Paryadi alisema, "tutaingia kwa kutambaa."

"Mimi nimeshapinda," Bibi Kasmi alijibu. "Hainisumbui."

Alasiri moja ya Januari, Ngatini alikuwa akipanga tempe kwenye chanja. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kawaida, maana kulikuwa na harusi mtaa wa pili. Samijo alichungulia kutoka karakana yake.

"Mama Wening, umeliona wingu hilo?"

"Nimeliona. Nyanyua madumu yako ya oili, Mzee. Mara ya mwisho yalikuja kuogelea kwenye soya zangu."

"Oili yangu ni safi. Ingeipa tempe yako rangi."

Mvua ilianza kabla hawajamaliza kucheka. Ilinyesha kwa nguvu. Ngatini na Bibi Kasmi wakaanza kubeba vitu kuviweka juu ya meza, na juu ya meza wakaweka viti. Maji hayakuingia kwa mlango. Yalipanda kutoka chini, kwenye ufa wa sakafu ya jiko. Yalikuwa meusi na yananuka. Yalipanda hadi chanja cha chini, kisha cha kati. Tempe ya harusi ikalowa maji ya mtaro. Tempe ikilowa hivyo haiuziki. Ngatini aliitazama tu, mikono kiunoni.

Paryadi alirudi kutoka kazini akiwa amelowa. Alivua viatu, akaenda pembeni ya kibanda palipokuwa na tundu la kuchungulia mtaro. Alipiga magoti ndani ya maji na kutumbukiza mkono hadi begani. Akatoa mifuko ya plastiki, nepi, na kifuu cha nazi.

"Una kidonda kisiginoni," Ngatini alimwambia. "Kile cha kigae. Kifunge kwanza."

"Mkwaruzo tu huu."

Alichokonoa hadi mkono ukafa ganzi. Maji hayakushuka hata kidogo. Yalikaa mtaani siku mbili, kisha yakapungua yenyewe na kuacha tope ukutani.

Wiki iliyofuata Paryadi alipata homa. Ilikuja ghafla akiwa kazini. Alirudi akitetemeka, kichwa kikimuuma.

"Upepo umemwingia," Bibi Kasmi alisema. Akachukua sarafu ya zamani na mafuta ya kuchua. Akamkwaruza mgongoni kwa ukingo wa sarafu mpaka ikatokea michirizi myekundu, kama wafanyavyo watu wengi wa Java mtu akishikwa na homa. Paryadi alisema anasikia nafuu. Lakini homa haikushuka. Siku ya tatu alishindwa kwenda msalani. Mashavu ya miguu yalimuuma kiasi kwamba hakutaka hata shuka iyaguse. Macho yalikuwa mekundu.

Asubuhi iliyofuata Ngatini alimpelekea uji. Alipofungua dirisha, aliona weupe wa macho ya mumewe umegeuka manjano.

"Mama, njoo umwangalie."

Bibi Kasmi alimwangalia mwanawe kwa muda. Kisha akaitia sarafu mfukoni.

"Hii si yangu," alisema. "Mpeleke zahanati. Sasa hivi."

Samijo aliacha pikipiki ya mteja ikiwa imefunguliwa vipande vipande. Akamkalisha Paryadi nyuma yake kwenye pikipiki yake mwenyewe, Ngatini akakaa nyuma kabisa kumshikilia asianguke.

Zahanati ilikuwa na afisa wa afya aliyeitwa Hesti. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Wakati daktari akimpima Paryadi, Hesti alimwita Ngatini pembeni.

"Mama, mumeo ameingia kwenye maji ya mafuriko hivi karibuni?"

"Sote tumeingia, dada. Yalikuwa ndani ya nyumba."

"Alikuwa na kidonda?"

"Kisiginoni. Na aliingiza mkono mtaroni."

Hesti aliitikia kwa kichwa. "Daktari anadhani ni homa ya mgunda. Panya wanakaa mitaroni, na mkojo wao una vijidudu. Maji yakituama, vijidudu vinaishi humo. Mtu mwenye kidonda, hata mchubuko mdogo, akikanyaga maji hayo, vinaingia mwilini. Ndiyo maana anaumwa kichwa na miguu. Manjano maana yake ni kwamba ugonjwa umefika kwenye ini. Huenda na figo."

"Anapona?"

"Anapona akiwahi tiba. Leo anaanza dawa, na anakwenda hospitali. Angekaa nyumbani siku chache zaidi, nisingekujibu hivi."

Ngatini alikaa kwenye benchi la hospitali siku zile zote. Kitanda cha jirani alilazwa dereva wa lori aliyekuwa na ugonjwa uleule. Yule aliletwa akiwa amechelewa mno. Mchana mmoja Ngatini alirudi kutoka kununua wali, akakuta kitanda kitupu na mke wa dereva akikunja shuka. Ngatini alimsaidia kukunja.

Paryadi aliruhusiwa kurudi nyumbani. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa meupe. Siku chache baadaye Hesti alifika mtaani kutazama mahali ugonjwa ulipotoka. Aliinama kuingia mlangoni, akanywa chai, kisha akatoka nje.

"Nionyesheni mtaro wenu."

"Umeukanyaga," Ngatini alisema.

Hesti alitazama chini, kwenye sakafu ya jiko. Akatazama baraza la nyumba ya pili, na karakana ya Samijo.

"Huwa mnausafisha vipi?"

"Hatuusafishi. Utausafishaje kitu usichokiona? Hiyo ni kazi ya jiji. Kila mwaka tunakwenda kuwaambia. Kila mwaka wanasema mwakani."

"Ni kazi ya jiji kweli," Hesti alisema. "Na mna haki ya kuidai. Lakini kwanza tujue maji yanakwama wapi. Pengine ardhi yenu iko chini kuliko barabara, maji hayana pa kwenda. Pengine njia ipo ila imezibwa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti."

Paryadi alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, blanketi mabegani. "Hilo tunaweza kulipima," alisema. "Nileteeni mpira wangu."

Ulikuwa mpira mrefu mwembamba unaopitisha mwanga, ambao mafundi huutumia kupata usawa wa ukuta. Waliujaza maji. Ngatini alishika ncha moja kwenye tundu la pembeni ya jiko, na Samijo akaenda na ncha nyingine hadi mwisho wa mtaa, mtaro unapofika barabara kubwa. Paryadi aliwaelekeza kwa sauti dhaifu. Maji yakitulia ndani ya mpira, ncha zote mbili huwa usawa mmoja, hata kama zimeachana mbali. Waliweka alama, kisha kila mmoja akachomeka fimbo ndani ya tope, akapima kutoka kwenye alama yake hadi chini kwenye sakafu ya mtaro.

Upande wa barabara ulikuwa chini zaidi, kwa zaidi ya shubiri mbili.

"Kumbe mteremko upo," Paryadi alisema. "Waliojenga mtaro huu walijua kazi yao. Maji yanatakiwa kwenda barabarani na kuvuka kwa chini kuelekea mtoni."

"Basi yanazuiwa," Hesti alisema. "Ama na vitu vilivyomo humu ndani, au kwenye kalavati, lile bomba kubwa la zege linalovusha maji chini ya barabara. Au kote kuwili."

Samijo alirudi akikunja mpira. "Kwenye kalavati maji yamesimama. Mbu tu."

"Kalavati ni la jiji," Ngatini alisema. "Kesho nakwenda."

Alikwenda na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Sumadi, mtu mpole aliyezoea kuambiwa mwakani. Waliingizwa kwa afisa wa mifereji, Bwana Handaru. Alikuwa na mafaili mengi mezani na macho ya mtu asiyelala vizuri. Aliwasikiliza. Kisha akageuza kioo cha kompyuta yake upande wao.

"Mama, hii ni picha ya mtaa wenu. Niambie mtaro uko wapi."

Ngatini alitazama. Aliliona paa la jiko lake mwenyewe.

"Nina mitaa mingi inayofurika," Handaru alisema. "Nikimpelekea mkubwa wangu ombi la Randusewu, ataniuliza swali hilohilo. Atasema watu wamejenga juu ya mfereji wa umma, halafu wanataka tuwachimbie barabara. Nimjibu nini?"

Mzee Sumadi alianza kuomba radhi. Ngatini aliinuka kuondoka. Uso ulikuwa wa moto.

Njiani alisema, "Ana kiburi."

"Ana kiburi," Mzee Sumadi alikubali. Walitembea kidogo. "Lakini mtaro hauonekani, Mama Wening."

Jioni hiyo Ngatini alimsimulia Paryadi.

"Wao wameiharibu barabara, halafu wanatunyooshea kidole sisi," alisema.

"Hujakosea. Kalavati ni lao. Lakini sakafu hii niliimwaga mimi, na wewe ulinishikia taa." Paryadi aligonga zege kwa kisigino kilichopona. "Wameshika kisingizio. Tukikiondoa, watabaki na nini?"

"Na mimi nitapikia wapi?"

"Nimelifikiria. Si lazima mtaro ubaki wazi, watoto watatumbukia. Tunavunja zege hili lote, tunausafisha, halafu nafunika kwa vipande vifupi vya zege, kila kimoja kina vishikio vya nondo. Watu wawili wanakiinua. Jiko linarudi palepale. Tofauti ni kwamba siku ya kusafisha unafunua."

"Itachukua muda gani?"

"Zege likauke vizuri. Mpaka hapo upike uani."

Uani palikuwa padogo kama mkeka. Ngatini alifikiri juu ya chungu chake kikubwa, soya, wateja, mvua. Alifikiri pia juu ya kile kitanda kitupu.

"Jumapili," alisema.

Jumapili asubuhi alitoa vyombo vyake vyote nje. Majirani walikusanyika kutazama. Paryadi alikuwa bado hana nguvu za kupiga nyundo, hivyo alileta vijana wawili anaofanya nao kazi. Hesti alikuja na gambuti na glavu za mpira alizoziazima zahanati.

"Nani anaingia?" aliuliza. "Hakuna kuingia pekupeku. Mwenye kidonda abaki juu. Tukimaliza, kila mtu anaoga kwa sabuni, na anafua nguo alizovaa. Mkipata homa wiki mbili hizi, msingoje sarafu. Njooni zahanati mniambie mlikuwa mtaroni."

Bibi Kasmi alijifanya hakusikia habari ya sarafu.

Zege lilipopasuka, panya wawili walikimbia kwa Samijo. Watu wakacheka. Chini palijaa tope hadi juu, na ndani ya tope mlikuwa na kila kitu: ndala, chupa, godoro la mtoto, mkungu wa nazi, hata kikaango cha Ngatini alichodhani kimeibwa.

"Mama Wening," Samijo alisema kutoka karakana, "tempe imekushibisha mpaka unavunja jiko?"

"Nimechoka kupikia juu ya kaburi, Mzee."

"Mimi sivunji. Nina wateja."

"Sijakuomba bado."

Hakumwomba. Alivunja zege la kwake, akasafisha mtaro chini yake, akaendelea na kazi zake. Wiki ile alipika uani huku moshi ukimuumiza macho, na tempe ilitoka kidogo. Lakini watu walikuwa wakipita kuutazama mtaro. Ulikuwa mpana kuliko walivyokumbuka, na ulijengwa kwa mawe mazuri. Mwenye banda la kuku alivunja Jumapili iliyofuata. Mwenye baraza alinung'unika, naye akavunja. Mzee Sumadi alitangaza baada ya swala ya Ijumaa kwamba nyumba zote zifanye hivyo, na Paryadi akawafundisha kumwaga vifuniko vya zege vyenye vishikio.

Ikabaki karakana ya Samijo. Mvua ndogo iliponyesha, maji yalishuka mtaroni vizuri mpaka ukingoni mwa karakana, yakasimama hapo. Sasa kila mtu aliyaona. Hapo awali yalikuwa matatizo ya mtaa mzima. Sasa yalikuwa na anwani.

Ngatini alikwenda na sahani ya tempe ya kukaanga na pilipili ya kusaga. Alikaa kwenye tairi.

"Mzee Samijo, siku ile ulimbeba mume wangu. Sijasahau. Kwa hiyo sikuja kugombana."

"Sema."

"Zege la karakana yako lina unene gani?"

"Niliweka nene. Pikipiki zinapanda juu yake."

"Paryadi anasema anaweza kutengeneza vifuniko vyenye nondo nzito. Pikipiki itapanda, hata mbili. Atavimwaga kwanza, vikauke, ndipo tuvunje. Asubuhi tunavunja, jioni unafungua kazi. Hutapoteza wateja."

Samijo alitafuna taratibu. "Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Ulikuwa unanicheka."

"Namcheka kila mtu," Samijo alisema. Akachukua kipande kingine. "Nitaleta nondo mwenyewe. Na vyuma vya pikipiki zilizokufa ninavyo."

Karakana ilipovunjwa, mtaro wote ulikuwa wazi kutoka juu hadi barabarani. Walimaliza kwa kuweka wavu wa chuma kabla ya kalavati, ili takataka zinaswe hapo badala ya kuingia ndani, na kila Jumapili nyumba mbili zilipewa zamu ya kuusafisha. Kisha mvua kubwa ikaja tena. Maji yalikimbia mtaroni, yakafika kwenye kalavati, yakasimama. Yalipita machache tu. Yakaanza kurudi.

Ngatini alisimama kwenye mvua na mwavuli wake. Alimtumia Bwana Handaru picha. Halafu akampigia simu.

"Afisa, mtaro wetu unaonekana sasa. Maji yako kwenye kalavati lako. Njoo uyaone kabla hayajaingia kwangu."

"Nakuja," Handaru alisema.

Alikuja na fundi mmoja. Alitembea mtaa mzima chini ya mvua, akiinua vifuniko hapa na pale, na kila kimoja kiliinuka. Alipofika barabarani alimwambia fundi afungue shimo la ukaguzi. Waliangaza tochi ndani. Mkandarasi fulani, zamani, alikuwa amepitisha bomba la maji katikati ya kalavati badala ya kulizungusha. Matawi, magunia na miaka ya tope vilikuwa vimeng'ang'ania kwenye bomba hilo. Upenyo uliobaki ulikuwa mdogo kama mkono.

Handaru aliinuka. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni.

"Hili si la kwenu," alisema.

"Hapana," Ngatini alisema. "Si letu."

Lakini kusema ni kitu kimoja, kuchimba barabara ni kingine. Handaru aliandika taarifa. Taarifa ikapanda ghorofani, ikakaa. Ngatini alipouliza, aliambiwa bajeti ya mwaka huu imekwisha.

Hawakupiga kelele. Wanawake wa Randusewu walipanga jambo jingine. Jumatatu asubuhi waliingia ofisi ya jiji kwa heshima, wakiwa wamevaa nguo zao za harusini. Walimsalimia kila mfanyakazi. Wakasema wamekuja kuuliza habari. Walipoambiwa hakuna habari, walishukuru, wakakaa kwenye viti vya ukumbi kungoja. Saa ya chakula walifungua vifurushi vyao vya wali kwenye majani ya mgomba, wakala, wakawakaribisha wafanyakazi. Jioni waliaga. Jumatatu iliyofuata walirudi, wengi zaidi. Bibi Kasmi alikuja na mto wa kukalia.

"Bibi, mtakuja mpaka lini?" mlinzi aliuliza.

"Mpaka tujue tarehe, mwanangu. Hapa kuna upepo mzuri. Nyumbani kwangu naingia kwa kuinama."

Waandishi wa habari waliokuja kwa shughuli nyingine waliwaona wanawake hao na kuuliza wamefuata nini. Ngatini aliwaeleza kwa utulivu. Hakumtukana mtu. Aliwaonyesha picha ya mtaro uliosafishwa na picha ya bomba ndani ya kalavati, akawaacha wajionee.

Siku hiyohiyo mkubwa wa idara alishuka kutoka ghorofani. Handaru alikuwa nyuma yake na taarifa mkononi. Mkubwa aliuliza nani msemaji wao. Wote wakamtazama Ngatini.

"Tumesikia mmejenga juu ya mfereji," mkubwa alisema.

"Tulijenga. Tumevunja. Mimi nilianza na jiko langu. Tumemaliza sehemu yetu, Mheshimiwa. Tunaomba tarehe ya sehemu yenu."

Mkubwa alimgeukia Handaru. "Ni kweli?"

"Nimekagua mwenyewe," Handaru alijibu. "Kifuniko kwa kifuniko. Kwa kweli, sina mtaa mwingine wenye mtaro safi kama huo."

Walipewa tarehe. Mitambo ilichelewa kidogo kuliko ilivyoahidiwa, na Jumatatu mbili zaidi zikatumika kuikumbusha. Lakini ilifika. Barabara ilichimbwa nusu nusu ili magari yapite. Bomba likazungushwa pembeni, na kalavati jembamba likang'olewa, likawekwa jingine pana ambalo mtu angeweza kutambaa ndani yake. Samijo aliwapelekea mafundi chai kila siku na kuwafundisha kazi yao, nao walimvumilia.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana, baada ya chakula. Watu wa Randusewu walianza kunyanyua vitu kama kawaida. Halafu mmoja mmoja walitoka nje, wakasimama kando ya mtaro. Maji yalikuwa yakipita chini ya vifuniko kwa kasi, yakisikika kama mto. Kwenye barabara yaliingia chini na kutokea ng'ambo, kuelekea mtoni. Wening alidondosha jani la mgomba kwenye tundu la pembeni ya jiko, akakimbia hadi barabarani kulingoja. Lilikuwa limemtangulia.

Paryadi alisimama karibu na mkewe, gambuti miguuni.

"Ile sakafu ya ndani," alisema, "nadhani nitaishusha. Nataka kuingia kwangu nikiwa nimenyooka."

"Subiri msimu mmoja kwanza," Ngatini alisema. "Mimi bado siamini."

Alirudi jikoni. Sakafu ilikuwa kavu. Alikaa, akaendelea kufunga tempe kwenye majani. Mvua ilinyesha hadi jioni.

Ilipokatika, Bibi Kasmi alitoka chumbani akijifunga kitambaa kichwani. Alikuwa na alama za mkeka shavuni.

"Mbona nje kumelowa?" aliuliza. "Kulikuwa na mvua?"

"Kubwa, Mama."

Bibi Kasmi alitazama chini ya meza, kisha mlangoni.

"Sikusikia kitu," alisema. "Nilikuwa nimelala."